Kutoka Ukuta wa Kuanzia

...labda tepu imepinda mahali, labda katikati ya uwanja imepanda juu ya selotepu iliyoshika mstari mweusi na ikala sentimita zake njiani, tepu hizi za madukani hazina uaminifu, unainunua leo, kesho ndoano ya mwanzoni imelegea, Adero alijiambia hivyo akiwa amepiga magoti kando ya mnara mdogo ambao roboti yao ilitakiwa kuushika, kwenye upande wa mwisho wa ubao, jicho moja amelifumba, ukucha wa kidole gumba ameutuliza juu ya namba, lakini tepu haikuwa imepinda popote, ilikuwa imenyooka kama uzi wa mwashi kutoka kwake hadi kwa Kavugho, bati jembamba la njano juu ya plaiwudi, na namba iliyokuwa chini ya ukucha ilikuwa mia moja tisini na nne, siyo mia mbili, aliuondoa ukucha akaurudisha, akalifumba jicho la pili akalifumbua la kwanza, mia moja tisini na nne... na kule mwanzoni, kwenye ule ubao mwembamba uliosimamishwa ukingoni ambao wao waliuita ukuta wa kuanzia, Kavugho alikuwa amebana ncha ya tepu kwa dole gumba la kushoto, mkono wa kulia umeshika kalamu, daftari la timu limefunguliwa sakafuni mbele ya magoti yake, msichana wa miaka kumi na minne, Mkongo wa Beni, mkimya, anayekaa na mama yake upande wa chini wa reli hapa hapa Namuwongo, Kampala, naye aliuliza kwa sauti yake ya siku zote, isiyo na haraka, "Iko ngapi, Madamu?"

Ngoja, alimwambia, ngoja nitazame vizuri, na neno lenyewe likamtoka kavu, kwa sababu alikuwa ameshatazama vizuri, kutazama vizuri ndiyo kazi pekee aliyoiamini maishani, na ilikuwa saa kumi na robo ya Ijumaa, kesho saa tatu asubuhi mashindano ya roboti yanafunguliwa kule Ntinda, timu ishirini na mbili, na yeye kwa wiki saba nzima alikuwa amewatayarisha watoto hawa wanne katika ukumbi huu wa parokia kwa uwanja walioutengeneza wenyewe, maana uwanja halisi, ule unaochapwa ng'ambo na kuletwa umeviringishwa kwenye bomba la karatasi, shule zenye uwezo ndizo zilizokuwa nao, wao walikuwa na plaiwudi na mgongo wa turubai la zamani la mkutano wa injili, wameupaka rangi nyeupe na kuchora mistari, nyuma yake bado picha ya mhubiri imenyoosha mkono akiwaombea wagonjwa, na haya yote yalikuwa sawa, yalikuwa hata ya kujivunia, mpaka dakika kumi zilizopita simu ilipolia mfukoni na ukawa ujumbe wa Nafuna, Nafuna waliyesoma naye uhandisi chuoni, aliyenakili ripoti zake za maabara miaka minne akicheka, sasa anafundisha timu ya shule moja ya Ntinda, ameandika kwa wema tu, dada, mnara wetu ulikuwa umesogezwa na wasafishaji, tumeurudisha mia mbili kamili toka ukuta wa kuanzia, hebu hakikisheni na wenu, tuonane kesho, na kakatuni ka roboti kanakopunga mkono. Mia mbili kamili. Adero alikuwa amesimama na simu mkononi, kisha akaitisha tepu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeitisha maji ya kunywa.

Nyuma yake Tresor alikuwa akitangaza kwamba Kikomando amekula ameshiba, maana yake betri ya roboti imejaa, roboti yao waliiita Kikomando kwa kile chakula cha chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage wanachokila hapo barabarani, ni Jalia aliyeichagulia jina, akisema kwamba nayo imekatwakatwa na kuunganishwa na kila kitu, na sasa Jalia alikuwa akiuliza, lakini Madamu, tumkimbize mara moja ya mwisho au tupange mizigo, wale wamama wa kwaya wakifika saa kumi na moja hawana mchezo, Ijumaa iliyopita mmoja aliweka mkoba wake juu ya uwanja, na Wanjala akamwambia asijali, akiuweka tena Kikomando ataubeba mpaka kwenye mnara, wakacheka, na Adero aliwasikia kama watu walio nyumba ya jirani, mia moja tisini na nne, sita zimekwenda wapi, namba haipotei, namba inatolewa na mtu, nani amezitoa... ramani, alitazama ukutani, ramani ya uwanja ilikuwa imening'inia palepale alipoitundika yeye mwenyewe wiki ya kwanza, imefunikwa plastiki ngumu, safi, kila mpaka unaonekana, na juu kulia maandishi madogo yanayosema kwamba sentimita moja ya ramani ni sentimita kumi za uwanja, na yeye alichukua rula ya chuma, ile aliyonunua mwaka wa kwanza chuoni, akapima kila kitu juu ya ramani hiyo hadi nusu ya milimita, akazidisha kwa kumi, akawasomea watoto, wakachora, upana na urefu wa ubao haukuhitaji kupimwa, kanuni ziliuandika wazi, mia mbili na arobaini kwa mia na ishirini, seremala akaukata hivyo, lakini mistari na mnara na daraja havikuandikwa popote, vilichorwa tu, vilihitaji rula yake... na sasa alimwona akilini yule dada wa fotokopi pale Kyebando karibu na alikopanga chumba, dada mwenye mwanya, anayetafuna karanga, ambaye alimchapia ramani ile mara ya kwanza ikatoka imekatwa ukingo mmoja, mpaka wa kulia haukuonekana, na Adero akairudisha kaunta akisema hapana, siwezi kutumia kitu kilichokatwa, mimi nataka mipaka yote minne ionekane, na dada akainama kwenye kompyuta, akabonyeza kitu, akauliza bila kuinua uso kama anataka ikae vizuri kwenye karatasi, yote iingie. Ndiyo, alijibu Adero. Ikae vizuri. Yote iingie. Na ikaingia yote, kwa sababu mashine iliipunguza kidogo pande zote, kidogo tu, tatu kwa mia, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, kiasi ambacho rula ingekiona mara moja kama ingewekwa mara moja tu juu ya mpaka mzima wa ramani, ishirini na nne ilitakiwa iwe, ingesoma ishirini na tatu na kitu, lakini nani apime kitu ambacho urefu wake tayari umeandikwa... aliipenda ile nakala, aliipeleka siku hiyohiyo ikafunikwe plastiki.

Kwa hiyo ni hivi, alijieleza, kana kwamba anamweleza mtu mwingine aliye mgumu wa kuelewa, karibu na mwanzo kosa ni dogo, milimita chache, ndiyo maana daraja la kwanza watalivuka hata kesho, lakini kadiri unavyokwenda mbali kosa linaongezeka, kufika mnarani ni sentimita sita, na Kikomando haoni, Kikomando anahesabu mizunguko ya magurudumu, ameambiwa azunguke mara kadhaa kisha asimame na anyooshe mkono, kesho atazunguka mara zilezile kwa uaminifu wote, atasimama sentimita sita kabla ya mnara, atanyoosha mkono mbele ya waamuzi na atashika hewa, ataifumba hewa vizuri kabisa na kuibeba mpaka nyumbani kwake, na watu watacheka, si kwa ubaya, watacheka kama watu wanavyocheka mtoto akianguka... na mnara ndio nusu ya alama zote.

"Madamu?" Kavugho tena, siyo kwa kusukuma, kwa kukumbusha tu, na Adero alisema naona, naona, mwanga ni mbaya hapa, jambo ambalo halikuwa kweli, madirisha ya ukumbi yalikuwa makubwa na jua la jioni lilikuwa limeingia mpaka magotini pake, aliziona hata nyuzi za vumbi zikipanda, alizitazama kwa sababu hakutaka kumtazama msichana, na akili, ambayo alikuwa ameiziba kama mtu anavyoziba tundu la panya kwa tambara, ikatoboka palepale alipopaogopa, wiki tatu zilizopita, Jumatano, mvua, Kavugho amesimama pale karibu na mlango na karatasi mkononi, akisema Madamu, mimi nimepima kwenye ramani toka upande ule mwingine, wa kulia, nikazidisha kwa kumi, mnara uko thelathini na tisa, na sisi tuliweka mia moja tisini na nne toka kushoto, nikijumlisha haifiki mia mbili arobaini. Zinakosa saba. Alisema hivyo, zinakosa saba, polepole, kwa Kiswahili chake cha Beni, akinyoosha ile karatasi, na hakuwa na uhakika wa maana yake, alikuwa na uhakika wa hesabu tu. Na Adero alikuwa na haraka, majaribio yao ya ndani, hapa hapa ukumbini, yalikuwa kesho yake, programu ilikuwa inakwama, na aliitazama ile karatasi kwa sekunde, je, zilikuwa hata tano, akaona namba za kalamu ya risasi zimeandikwa na mtoto anayepima toka upande usiotakiwa, wakati kanuni ya kwanza kabisa aliyowafundisha, aliyoiandika kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari, ilikuwa kwamba sisi tunapima kutoka ukuta wa kuanzia, siku zote, wote, ili tusichanganyikiwe... akasema, mbele ya wote, na alilikumbuka neno kwa neno maana alikuwa amejivunia jinsi lilivyomtoka, "Kavugho, hapa hatupimi kwa mkono kama vitenge sokoni."

Tresor alicheka kwanza. Tresor naye ni Mkongo, mama yake naye anauza vitenge kama mama wa Kavugho, na labda ndiyo maana alicheka kwanza, kuwahi kuwa upande wa wanaocheka, kisha Jalia, kisha Wanjala, na kuanzia siku hiyo wakamwita Mita-Mkono, Mita-Mkono lete gundi, Mita-Mkono hesabu watu tuko wangapi, na Adero aliwasikia, hakuwakataza, aliona ni utani wa watoto, timu yenye utani ni timu yenye afya, aliwahi kusoma hivyo mahali. Na wiki iliyofuata, ilipobidi kuchagua wawili wa kusimama uwanjani siku yenyewe, maana kanuni zinaruhusu wawili tu kugusa roboti, alimtoa Kavugho, aliyekuwa na mkono mtulivu kuliko wote, akamweka Jalia pamoja na Wanjala, na sababu aliiandika kwenye daftari lake mwenyewe, umakini mdogo wa vipimo. Umakini mdogo wa vipimo... joto lilimpanda shingoni hadi masikioni, alihisi masikio yake mwenyewe kama vitu viwili vya mtu mwingine alivyobandikwa.

Halafu alikuja mama. Huyu hakutaka kumkumbuka kabisa, akamkumbuka, Mama Kavugho, Darlène, mwanamke mrefu aliyefunga kitenge cha rangi ya haradali, alisimama hapo nje kwenye ngazi hakukubali kuingia, akaamkia kwa heshima kubwa, akauliza kama mtoto amekosa nini, maana hali vizuri na hasemi, na Adero, mwenye shahada, mwenye miaka ishirini na sita, alimweleza mama wa watu kwa upole ule wa kitaalamu unaouma kuliko tusi kwamba binti ana akili, hakuna ubishi, ila hatulii kwenye namba, anajipimia vyake. Na Darlène alisikiliza mpaka mwisho, akatazama mikono yake, akasema, "Huyu tangu tutoke nyumbani ni kuhesabu tu, Madamu. Anahesabu sahani, anahesabu vitanda. Sisi wenyewe anatuhesabu. Nilisema labda hapa itamsaidia." Nilisema labda hapa itamsaidia... na Adero alitikisa kichwa kwa huruma, ndiyo, huruma, akamwona Kavugho kuwa mtoto aliyevurugwa na vita, akafurahi ndani kwa ndani kupata maelezo, kumbe ndiyo sababu, akasema tutamsaidia pole pole Mama, na Darlène akashukuru, alishukuru mara mbili, akashuka ngazi. Na hesabu ya Kavugho ilikuwa sahihi. Mtoto alikuwa anahesabu kwa sababu anajua kitu kikipungua kinapungua kimya kimya, huoni, mpaka uhesabu, na alihesabu, na akaona kimepungua, akaja kumwambia mtu mzima.

"Mia ngapi, Madamu, nisogeze taa?" huyo alikuwa Wanjala, akija na simu yake imewashwa tochi, na Adero alimwambia hapana, rudi, maliza kufunga nyaya, na Wanjala alirudi akinong'ona kwamba Madamu leo hata tepu inamsomesha, Jalia akamkemea anyamaze... zimebaki dakika arobaini na mbili. Inawezekana. Aliipanga haraka, akili yake ilikuwa nzuri kwa kupanga, kuusogeza mnara dakika mbili, mistari ya mwisho kuibandika upya dakika kumi, kubadilisha namba tano kwenye programu, kujaribu mara nne, tano, na kwaya wakiombwa kwa unyenyekevu wangengoja robo saa, inawezekana, wala hakuna haja ya kueleza mengi, angesema tu waandaaji wametuma ramani mpya. Sentensi ilikuja nzima, imeoshwa, imenyooshwa. Waandaaji wametuma ramani mpya, jamani, wamebadilisha mnara, twende kazi. Watoto wangelalamika kidogo, Jalia angesema banange, jamani, watu hawa, wangechukia waandaaji kwa pamoja, hata ingewapa nguvu, na kesho Kikomando angeshika mnara wake, na nani angeumia, mtu asiyejulikana ofisini, mtu ambaye hata hayupo. Na Kavugho je, angeandika. Angeandika kwenye daftari, mnara umehamishwa na waandaaji, kwa mwandiko wake ule wa kulala kidogo kushoto. Isitoshe ni kwa ajili yao, siyo kwa ajili yangu, alijiambia, usiku wa kuamkia mashindano huwezi kuwaambia watoto kwamba mwalimu wao amewafundisha wiki saba kwenye uwanja wa uongo, wataingia na hofu, hofu inatetemesha mikono, kesho kutwa nitawaambia, wakishatulia... na alijua kwamba hatawaambia kesho kutwa, alijua namna kesho kutwa zinavyokwenda.

Baba yake alikuwa mkata vioo. Oyugi wa Vioo, walimwita hivyo Wandegeya yote, alitoka Siaya mwaka themanini na nane aliposikia kwamba Kampala kila dirisha limevunjwa na vita na watu wanafunika kwa makaratasi na mabati, akaja na kalamu ya almasi ndani ya soksi, akakata vioo mpaka akaoa, akazaa, akajenga, na kuna dirisha moja pale Ntinda, ghorofa ya pili, nyumba ya daktari, alilipima akiwa anaugua homa akakata kioo pungufu, pungufu kwa upana wa kidole, na kioo kilichopungua hakiongezwi, akajaza ukingo mzima kwa udongo wa vioo, akausawazisha, akaupaka rangi, na daktari akamshukuru, likakaa, likakaa miaka, halijaanguka hadi leo. Ila baba akipita barabara ile alivuka upande wa pili. Adero mdogo alimshika mkono akavuka naye, hakujua kwa nini wanavuka, aliuliza, na baba akasema huku kuna kivuli, na kweli hakukuwa na kivuli, jua lilikuwa la saa sita, hata mtoto aliliona, na alimwacha baba aseme kuna kivuli, akasema ndiyo baba. Akasema ndiyo baba... Kwa nini alisema ndiyo, alikuwa na miaka saba, alijua kivuli ni nini.

Na palepale, kabla hajajijibu, alimtazama Kavugho kwa mara ya kwanza tangu wanyooshe tepu, na akaona alichokuwa anakikwepa. Dole gumba la msichana lilikuwa limebana ndoano ya tepu ukutani kwa nguvu hadi ukucha umekuwa mweupe. Hakuna anayebana hivyo tepu ya kawaida. Na alipoitisha tepu, ni nani aliyeinuka, wengine watatu hawakugeuza hata shingo, ni huyu aliyeinuka kabla jina halijatajwa, akaichukua ndoano, akaenda moja kwa moja ukuta wa kuanzia, siyo ule mwingine, akapiga magoti, akafungua ukurasa mpya, akangoja. Anajua. Amejua wiki tatu zote, amelala nayo, amekuja nayo kila Jumatano na kila Ijumaa, ameuona mnara ukiwekwa mahali ambapo siyo mahali pake, amewashikia wengine gundi, ameitika akiitwa Mita-Mkono, na hakusema tena, hata mara moja, na Adero aliuona ukimya ule akauita nidhamu, alimsifia, Mungu wangu, wiki iliyopita tu alimsifia mbele ya wenzake, tazameni Kavugho alivyotulia sasa. Hakuwa anauliza iko ngapi. Namba alikuwa nayo. Alikuwa anauliza kitu kingine kwa maneno hayohayo, na aliuliza kwa adabu, bila matumaini makubwa, kama mtu anayegonga mlango wa ofisi ambayo aliambiwa imefungwa.

Na kilichomshika Adero sasa hakikuwa waamuzi, wala Nafuna, wala kicheko cha Ntinda, aliona tu jambo moja, dogo, kwa uwazi uliomchoma, kwamba akifungua mdomo sasa hivi na kusema mia mbili, Kavugho ataandika mia mbili. Hatainua nyusi. Ataandika moja baada ya nyingine, mbili, sifuri, sifuri, ataweka nukta, atauliza kama waikunje tepu. Akisema mia tatu, urefu usiokuwepo hata kwenye ubao wenyewe, ataandika mia tatu. Hicho ndicho alichomfundisha, wiki saba, kwa rula ya chuma, mtoto alikuja hapa anajua kwamba namba ni za kweli bila kujali nani amezisema, ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwao pamoja na mama yake na zile nguo, na yeye amemfundisha kwamba namba ni ile anayoitaja Madamu. Mkono wa Kikomando kushika hewa ungekuwa kitu gani mbele ya hilo... na hili halisogezwi kwa dakika mbili, hakuna dakika arobaini zinazolitosha, hata akisema kweli sasa, hata akisema yote, haliondoki leo, pengine haliondoki.

Angesema namba. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa mahali fulani ndani yake, wala hakujua saa ngapi, na ajabu halikumpa nafuu, namba haikuwa na uzito, mtu yeyote anaweza kusoma tepu. Ni yale ya baada ya namba. Kwamba ulisema kweli Jumatano ile. Kwamba nilikufanya ucheke... uchekwe. Angeyasema kwa sauti ileile ya siku ile, siyo kwa kumvuta pembeni na kumshika bega, maana hakumvuta pembeni alipomwaibisha, angesema Jalia asikie, Wanjala asikie, Tresor asikie zaidi ya wote, na wangenyamaza vile watoto wanavyonyamaza mtu mzima akivua kitu mbele yao, na mtu wa kusimama kesho uwanjani angebadilishwa, na angekwenda upande wa chini wa reli kumtafuta Darlène na kulisema tena, mlangoni kwake. Na Kavugho angejibu sawa Madamu. Tayari alikuwa anaisikia, sawa Madamu, bila chuki, bila kitu chochote, na angelazimika kuishi na sawa ile bila kujua ndani yake kuna nini, kesho uwanjani na baada ya kesho... nje, mbali, sauti ya mwanamke ilijaribu noti moja ya wimbo, ikaiacha, ikaijaribu tena juu kidogo, wa kwanza wa kwaya alikuwa amefika mapema. Jua lilikuwa palepale magotini. Tepu ilikuwa imenyooka, ukucha juu ya mia moja tisini na nne, na kule mwanzoni dole gumba halikuwa limesogea.

Adero alilowesha midomo. "Kavugho," alisema.

Msichana akainamisha kichwa juu ya daftari, kalamu tayari, aandike chochote atakachoambiwa.